Kuondoa au Kuunganisha? Istilahi Moja ya Kompyuta na Watumiaji wa Fizi na Baraka

Seva ya hifadhidata iliyofanya kazi kwa muda mrefu hutapanya data yake diskini, na kazi ya kuikusanya bado haijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Neno la kigeni lina kiambishi cha kutengua na shina lenye maana ya kipande. Mfasiri anayeufuata muundo huo huishia kwenye "kuondoa vipande". Kisarufi tafsiri hiyo haina kosa. Kimaana ni ya hatari, kwani kilichoondolewa hakipo tena. Mwenye hifadhidata akiambiwa kwamba usiku vipande vyake vitaondolewa, ana kila sababu ya kukesha.

Baraka, mji wa bandari katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, ni mahali pazuri pa kuipima istilahi hiyo. Vita vya 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi Ziwa Tanganyika hadi mkoa wa Kigoma, wakakaa katika kambi kama Nyarugusu. Kuanzia 2005 baadhi yao walirejeshwa kwa meli hadi Baraka. Fundi aliyesomea kompyuta kwa Kifaransa hulitwaa neno la Kifaransa zima zima, akalitanguliza ku-, na kwake shauri limekwisha. Nduguye aliyekulia Kigoma hulitegemea Kiswahili kimweleze. Tena kwa aliyewahi kuandikishwa ukimbizini, rekodi ya hifadhidata si nadharia: ndani yake mna jina lake na la mzazi wake.

Mfasiri angeanzia kwenye kazi yenyewe. Katika SQL Server na PostgreSQL data huwekwa katika kurasa za kilobaiti 8. Ukurasa wa faharasa ukijaa, na rekodi mpya ikapaswa kuingia katikati, seva hutwaa ukurasa mwingine na kuhamishia huko takriban nusu ya yaliyomo. Ukurasa huo huenda ukawa mbali. Hakuna kilichopotea; mpangilio tu ndio uliovurugika, na kurasa zikabaki nusu tupu. Kadhalika faili lenyewe huweza kukatikakatika diskini, na kichwa cha kusomea kikalazimika kurukaruka juu ya sahani.

Kiswahili kinayo kauli yake ya kutengua: kunja, kunjua, ziba, zibua. Lakini tawanya haitenguliwi kwa -u-. Kinyume chake ni neno jingine kabisa, kusanya. Hapo ndipo unyambuaji wa kuiga unapokwama. "Kuunganisha vipande" ni bora mno, na watu wa Fizi wanalijua neno hilo tangu watoto waliopotezana na wazazi wao vitani walipotafutiwa jamaa zao.

Hata hivyo, istilahi hiyo nayo haitoshelezi kila mahali. Inalifaa faili lililokatika. Haiifai faharasa, ambayo kurasa zake hupangwa upya na kujazwa. Tofauti hiyo ina uzito zaidi tangu zilipoenea diski zisizo na sahani wala kichwa. Humo kuunganisha vipande vya faili huleta faida ndogo na huichakaza diski kwa kuandika kusiko na haja, ilhali kurasa nusu tupu bado hula nafasi ya kumbukumbu. Fundi aliyepewa istilahi moja kwa kazi zote mbili ataichosha diski, na faharasa ataiacha kama alivyoikuta.