"Kurekebisha" Wavu: Neno Moja kwa Kazi Tatu

"Rekebisha wavu wa dirisha." Agizo la namna hii halina kosa la sarufi, lakini halimwambii mwenye nyumba wa Kikuyu, Dodoma, afanye nini. Kazi zenyewe ni tatu, na kila moja ina neno lake. Nyuzi zikiachana kidogo, tundu huzibwa kwa kuzirudisha mahali pake na kutia tone la gundi. Wavu ukichanika, hutiwa kiraka cha wavu wa aina ile ile, kipana kuliko tundu, kikashonwa kando kando. Ukioza, papi zinazoubana hubanduliwa, kisha wavu mpya huwambwa. Wapo waandikao "huvutwa". Lakini kitu huweza kuvutwa upande mmoja tu, ilhali ngoma, kitanda na wavu huwambwa, yaani hukazwa pande zote. "Chandarua cha dirisha" nacho hakifai, kwani chandarua hutundikwa juu ya kitanda.

Jambo hili si pambo la lugha. Mbu aenezaye malaria hupenya katika tundu lililoachwa wazi na agizo lisiloeleweka. Kwa hiyo twapendekeza kuziba, kutia kiraka na kuwamba yatumike, kila neno mahali pake.