Godauni Kuwa Ukumbi: Uhakiki Mfupi

Jengo, kama utungo, huhakikiwa kwa fani yake na kwa maudhui yake. Kwa kanuni hiyo tunalitazama godauni moja la Nairobi, lililogeuzwa kituo cha sanaa mwaka 2003 katika Eneo la Viwanda, Barabara ya Dunga, likaitwa The GoDown Arts Centre.

Tuanze na fani. Ghala hujengwa pana na la kimo kwa ajili ya shehena, na upana huo ndio anaouhitaji mcheza ngoma au mchongaji. Waanzilishi hawakuionea haya asili ya jengo, bali waliliacha na jina lake. Wachoraji, wanamuziki na wacheza densi wakapata mahali pamoja pa kufanyia kazi, jirani na karakana. Hapo sanaa ilitambuliwa kuwa ni kazi miongoni mwa kazi.

Maudhui yake yalidhihirika katika tamasha la Nai Ni Who, ambalo liliwaalika wakazi waeleze mitaa yao wenyewe. Jina hilo ni la Sheng, na mwalimu wa Kiswahili sanifu aweza kukunja uso. Hata hivyo swali lake ni zito: Nairobi ni nani? Lauliza habari za watu, wala si za kuta.

Kasoro tunaiona katika uamuzi wa baadaye wa kusimamisha jumba jipya la ghorofa mahali pale pale. Haja ya nafasi ilikuwa ya kweli, hilo hatulikatai. Lakini jumba jipya likirithi jina la ghala, jina hubaki bila mwenyewe, na kumbukumbu ya wachukuzi waliobeba mizigo hapo haina tena pa kuegemea.

Sisi wa Gisenyi yatuhusu nini? Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa hapa mwaka 1957, na tangu 1963 kilitumia gesi ya methani ya Ziwa Kivu. Kiwanda hicho kingali kikifanya kazi, na hapana haja ya kukitamani kwa ukumbi. Bali kila karakana ina siku yake ya kufungwa. Siku hiyo isitukute mikono mitupu: yafaa tuanze sasa kukusanya majina ya zana na masimulizi ya wafanyakazi, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Darasani hujifunza sarufi, lakini mazungumzo yahitaji baraza, na Goma i mlangoni petu.

Neno letu kuhifadhi lina maana mbili: kukinga kitu kisiharibike, na kukiweka moyoni. Ukarabati ulio bora hutimiza zote mbili. Ukitimiza ya kwanza tu, tutakuwa na kuta nzuri zisizo na la kusema.