Mifumo Miwili, Diski Moja

Hamukungu ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, wilayani Kasese, ndani kabisa ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Tembo wana eneo lao, wavuvi wana lao, na mpaka unajulikana. Fundi anayeweka Windows na Linux kwenye kompyuta moja hufanya kazi ya namna hiyo: anapima, anagawa, na kila upande unabaki na chake.

Kufuta diski na kuanza upya si kazi. Yeyote mwenye flashi anaweza. Kumkaribisha mgeni bila kumtoa mwenyeji ndiko kunakohitaji mkono uliotulia.

Tuseme mwenye duka la fotokopi mjini Bwera, wilayani humohumo. Windows anaitaka kwa ajili ya programu ya hesabu aliyoizoea. Linux anaitaka kwa sababu ni ya bure, laptopu yake ya mtumba inaimudu, na virusi vingi vinavyoingia na flashi za wateja viliundwa kushambulia Windows. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 ambayo mashine nyingi kuukuu hazina.

Ustadi huanza mapema. Fundi makini huhamishia kwanza mafaili ya mteja kwenye diski ya nje. Huzima ule mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka, kwa kuwa nao mashine ikizimwa huwa imesinzia tu, na Linux ikiandika kwenye sehemu ya Windows mafaili yanaweza kuvurugika. Kisha hupunguza eneo la Windows kwa kutumia chombo cha Windows yenyewe, chaji ikiwa imejaa, maana umeme ukikatika data ikiwa njiani, hasara ni ya mteja. Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, huachiwa angalau GB 25. Mwisho huja Grub: orodha fupi kwenye skrini nyeusi, na sekunde chache za kuchagua uingie wapi.

Halafu kuna saa. Windows huihifadhi kwenye mashine kwa majira ya mahali, Linux kwa majira ya dunia, UTC, ambayo Uganda imeyatangulia kwa saa 3. Mtu akitoka Linux saa nne asubuhi na kuingia Windows, anaweza kuambiwa ni saa moja. Bwera hilo si geni sana: ukivuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kasindi, Kongo, unarudisha saa yako nyuma kwa saa 1. Kwenye kompyuta, amri moja ya Linux, timedatectl, inatosha kuipatanisha mifumo yote miwili.

Katika ulimwengu huo wa programu za bure, Kiswahili nacho hakikukaa pembeni. Mwaka 2004, mwaka uleule Ubuntu ilipotoka kwa mara ya kwanza, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili.

Msomaji unayefikiria kumpelekea fundi laptopu yako, angalia kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows. Ikiwa imefungwa, nakili ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi na uiweke nyumbani. Mashine ikiudai nawe huna, mafaili yako hutayafungua tena.