Bega na Istilahi Zisizotosha

Katika tafsiri za maelezo ya afya zinazopita mikononi mwetu, hapana sehemu ya mwili iliyopunjwa istilahi kama bega. Mfasiri akikutana na maumivu yoyote ya hapo huandika "baridi yabisi", kisha huiweka kalamu chini. Neno hilo ni kongwe tena lina nasaba: "yabisi" ni kukauka, nalo ni urithi wa tiba ya kale ya Kiyunani na Kiarabu, iliyoyagawa maradhi kwa moto na baridi, unyevu na ukavu. Kulidharau si haki. Hata hivyo haliwezi kubebeshwa maradhi yote ya bega.

Tazama "bega lililoganda". Kinachoganda kwa Kiswahili ni damu, uji au mafuta. Msomaji hufahamu baridi, akakimbilia kuchua kwa mafuta yaliyopashwa moto. Kumbe mfuko unaokizunguka kiungo umenenepa na kunywea, mkono ukawa hauinuki kwa miezi mingi, pengine hata miaka miwili au zaidi. Aghalabu huwapata watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari huwa hatarini zaidi. Mimi ningesema "bega lililokaza".

Kubwa kuliko hilo ni "teguka". Mkulima wa Nyakisasa, wilayani Ngara, ambaye nyumbani husema Kishubi au Kihangaza, hulipokea neno hili kutoka shuleni na zahanati, nalo lina mambo mawili ndani yake: mfupa kutoka mahali pake, na kano kuvutika au kuchanika pasipo mfupa kuhama. La kwanza hurudishwa na tabibu aliyefunzwa. La pili, jirani mwenye nia njema akiuvuta mkono, huzidi kuharibika. Basi karatasi isemayo "bega likiteguka lirudishwe", bila kusema na nani, ni ya hatari. "Teguka" na libaki kwa mfupa. Kwa kano tuseme "shtuka", na palipo na mpasuko, "chanika".

"Mshipa" nalo limekuwa kapu: njia ya damu, neva na msuli, vyote vimo. Tena yako maumivu ambayo asili yake si bega hata kidogo: neva iliyobanwa shingoni, vijiwe vya nyongo viumizavyo bega la kulia, au moyo uliokosa damu, ambao mara nyingi huuma hadi bega na mkono wa kushoto. Haya napendekeza tuyaite "maumivu ya kuazima". Muuguzi akimwandikia "mshipa wa bega" mgonjwa atokwaye jasho na mwenye kifua kizito, moyo hautapimwa.