Bahari Imepanda, Watu Wameenda Wapi?

Mswada uliosomwa katika kikao chetu kilichopita hapa Bagara ulipigiwa makofi mengi, na mimi nilipiga. Lakini makofi si uhakiki. Ni hadithi fupi ya kijiji cha wavuvi karibu na Pangani. Usiku wa manane bahari inafura, wimbi refu kama ghorofa linameza kijiji, kijana anamwokoa mchumba wake juu ya mnazi, kunakucha, waliosalia wanapanda lori la serikali. Mwisho.

Tuanze na fani. Lugha ni tamu, hilo sibishi, na msuko unakimbia. Ila mwandishi amechanganya mambo. Wimbi lake ni la tsunami, kama lile la Desemba 26, 2004, naye anatuambia ni bahari inayopanda kwa joto la dunia. Jamani, bahari hiyo haiji kwa vishindo. Inapanda milimita chache tu kwa mwaka. Huijui mpaka bamvua moja maji yafike mahali ambapo hayakuwa yakifika. Kisima kinaanza kukolea chumvi, mpunga unakauka shambani. Huko Pemba wakulima wameshapoteza mashamba namna hiyo. Mama anaonja chai asubuhi, anamgombeza mtoto eti kakosea kopo la sukari. Hapo ndipo penye hadithi, ndugu yangu, si juu ya mnazi.

Halafu hapo hapo Pangani kuna kisiwa cha Maziwe, na mwandishi kapita mbele yake bila kukiona. Kilikuwa na mivinje. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado wanakwenda kutaga pale pale, hawana habari. Imebidi watu wayachukue mayai na kuyafukia upya ufukweni Ushongo, upande wa bara. Yaani hata kasa wanahamishwa!

Na kuhamishwa ndiko kunakokosekana katika mswada huu. Lori likishaondoka, mwandishi anaweka kalamu chini. Linakwenda wapi? Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Dar es Salaam, watu wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya jiji. Wapo waliorudi Jangwani. Sasa mtu anarudije kwenye maji yaliyotaka kumuua? Mwandishi akilijibu swali hilo kwa mhusika mmoja tu, mwenye jina, mwenye genge lake la nyanya na wateja waliomzoea, atakuwa ametuandikia kitu. Na yule mvuvi wa Pangani, ukimpa nyumba nzuri ya bati mbali na bahari, asubuhi ataamka afanye nini?

Wala si jambo geni katika fasihi yetu. Kezilahabi, katika *Gamba la Nyoka* (1979), aliandika juu ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Riwaya ile naomba kila mwanakikao aisome kabla hajaandika tena neno "wakahamishwa" na kuweka nukta.

Baada ya kikao nilimuuliza mwandishi kama amewahi kuiona bahari. Hajawahi, ila kwenye televisheni. Akaniambia hivi hivi, kama mtu anayesema habari za mvua, kwamba kwao walikuwa wakikaa karibu na Ziwa Babati, wakahama baada ya mafuriko ya mwaka 1990, yeye hajazaliwa. Bibi yake mpaka leo kila msimu wa maembe anateremka kule kwenye kiwanja cha zamani, anaokota chini ya mwembe wake, anarudi na kikapu. Nikamwambia: dada, mbona hayo hukuandika? Akasema alidhani si hadithi.

Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliishukia Katesh, hapo jirani zetu, likaua watu zaidi ya 80. Waliopoteza nyumba walijengewa nyingine Waret. Kutoka hapa ni safari ya basi tu, na katika miswada yote niliyosoma mwaka huu hakuna hata mmoja uliokwenda kuuliza hodi.

Mswada namrudishia mwenyewe. Mnazi autoe, mwembe auweke. Tunamsubiri kikao kijacho, na safari hii aje na bibi.