Ua wa nyuki hupimwa kwa nyuki, si kwa mizinga

Katika mashamba ya Sagalla, kaunti ya Taita Taveta, yanayopakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki, kundi la ndovu laweza kumaliza kwa usiku mmoja mahindi yaliyopaliliwa msimu mzima. Ua wa nyuki umejaribiwa huko kwa miaka mingi, na muundo wake si mgumu. Kila mita 10 huning'inizwa mzinga, mmoja wa kweli na mmoja wa kuigiza kwa zamu, na yote huunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka wakali. Ngozi yake ni nene, ila huchomwa kandokando ya macho na ndani ya mkonga, naye hujifunza. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha kwamba ndovu wengi huondoka hata kwa kusikia tu sauti ya nyuki iliyorekodiwa.

Kwa hiyo kinachomzuia ndovu ni kiumbe hai, na ua huu unapaswa kutunzwa kama mifugo. Utafiti wa Sagalla uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia karibu ndovu 4,000 waliokaribia mashamba, na kwa wastani takriban robo tatu yao walizuiwa. Wakulima nao walilina takriban tani moja ya asali, pato linalowapa sababu ya kukaza waya na kubadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa. Lakini ukame wa mwaka 2017 ulifanya mizinga mingi ibaki mitupu, na nyuki hawakurudi upesi. Ua ulikuwa bado umesimama. Nguvu yake ndiyo iliyopungua.

Wapo wanaosema ua huu humsukumia jirani balaa. Hoja hiyo ina ukweli: katika majaribio ya kaskazini mwa Kenya yaliyochapishwa mwaka 2011, baadhi ya ndovu waliufuata ua hadi wakapata upenyo kwenye boma la miiba. Dawa yake ni kuwapa mizinga majirani kwa pamoja na kuziacha wazi njia za ndovu, kwa kuwa ua huu unafaa kulinda shamba, haufai kufunga nchi. Wengine husema uzio wa umeme una nguvu zaidi. Huenda, ukihudumiwa vizuri. Ila madume huzoea kukata nyaya kwa pembe, gharama za matengenezo ni kubwa, na uzio huo haumwingizii mkulima mdogo hata shilingi.

Kaunti na wafadhili waache basi kujisifu kwa idadi ya mizinga iliyotundikwa. Watenge fedha za maji ya nyuki wakati wa kiangazi, vivuli vya mizinga, miti ya maua na mafunzo ya ufugaji, kisha kila msimu wahesabu mizinga yenye nyuki. Hesabu hiyo ndiyo itakayomwambia mkulima kama shamba lake lina ulinzi.