Maji ya Mahali Z

Barua aliyoipata Arthur Doodson, mtaalamu wa maji kujaa na kupwa, mwaka 1943 haikutaja pwani yoyote. Ilikuwa na jozi 11 za namba, na mahali penyewe paliitwa Z tu. Yeye, pale Bidston karibu na Liverpool, alitakiwa akadirie kimo cha maji kwa kila saa. Z ilikuwa Normandy, Ufaransa.

Mwezi huvuta bahari iliyoukabili kwa nguvu kuliko unavyovuta kitovu cha dunia, na ya upande wa pili kwa nguvu ndogo zaidi. Ndiyo maana bahari huinuka pande zote mbili, na maji yakajaa takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25. Jua nalo huinua maji, ingawa halifiki nusu ya mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, nguvu hizo husaidiana, tukapata bamvua. Hayo ni ya bahari zote. Pwani ndiyo inayotatiza hesabu, kwa kuwa kina na umbo lake huyachelewesha maji na kuyakuza. Kila jozi katika barua ile ilisema, kwa ufuo ule, mvuto fulani huinua maji kiasi gani na huchelewa kiasi gani.

Kuijumlisha mivuto hiyo kwa mkono kungechukua muda mrefu. Doodson alitumia mashine ya aina aliyoibuni Lord Kelvin mwaka 1872, na naipenda kwa uwazi wake: kila mvuto una roda yake, inayopanda na kushuka kwa mwendo wake. Waya mmoja umepita kwenye roda zote, na ncha yake inasogeza kalamu. Kalamu inapofika juu, maji yamejaa. Mashine zilikuwa mbili, zikawekwa mbalimbali ili bomu moja lisizimalize zote.

Huko Normandy, Rommel, jemadari wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa amepanga magogo na vyuma ufukweni, vifichwe na maji yakijaa. Washirika waliokuwa wakipigana na Ujerumani wakachagua kushusha askari wao mara baada ya maji kupwa, alfajiri, vizuizi vikionekana. Tarehe 6 Juni 1944 mwezi ulikuwa mpevu. Kwa kuwa maji huko hujaa kutoka magharibi kwenda mashariki, ufuo walioupa jina la Utah, upande wa magharibi, ulipangiwa saa 12:30 asubuhi, na ule wa Sword, mashariki, saa 1:25. Kwenye ufuo wa Omaha, wahandisi, wakiwa chini ya risasi, walifungua mianya michache tu kabla maji hayajavifunika vizuizi.